Bahasha ya mheshimiwa na jiko la mchungaji

Wahenga walinena kwamba mla cha mwenziwe na chake huliwa. Methali hii tumezoea kuisikia katika mambo ya ujirani, pale mtu anapokopa unga leo na kesho akaombwa mkono wa kulima. Jumapili ya leo, ndugu msomaji, tuipeleke kanisani. Tuipeleke Kapsoit, mji mdogo wa majani chai ulio kando ya barabara itokayo Kericho na kuteremka kuelekea Ahero na Kisumu.

Huenda ukauliza, katika miji yote ya Kenya yenye makanisa, kwa nini Kapsoit? Ni kwa sababu maaskofu wawili waliopata kulichunga eneo hilo la Kericho ndio waliokuja baadaye kuwaambia wanasiasa neno ambalo viongozi wengi wa dini hulijua lakini hulimeza. Neno lenyewe ni fupi: hapana.

Wa kwanza ni Jackson Ole Sapit. Huyu alikuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Kericho ya Kanisa la Anglikana kabla ya kutawazwa Askofu Mkuu wa Kenya mnamo Julai 2016. Septemba 12, 2021, alikuwa Butere katika ibada ya kumweka wakfu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya kanisa hilo humu nchini. Wanasiasa wa tabaka la juu walikuwapo. Walikaribishwa kuabudu kama waumini wengine, lakini mimbari hawakupewa. Tangu siku hiyo msimamo wa Sapit ukajulikana kote: mwanasiasa ana kiti kanisani, ila mahubiri ni kazi ya mhubiri.

Wa pili ni Philip Anyolo. Kanisa Katoliki lilipoanzisha jimbo la Kericho Desemba 1995, kwa kulimega kutoka jimbo la Nakuru, yeye ndiye aliyeteuliwa kuwa askofu wake wa kwanza, akalitumikia hadi 2003. Tusonge mbele hadi Novemba 17, 2024, wakati Anyolo alikuwa tayari Askofu Mkuu wa Nairobi. Rais William Ruto alihudhuria misa katika Kanisa Katoliki la Soweto jijini humo, akatoa Sh600,000 kwa kwaya na baraza la parokia, na Sh milioni 2 za kujenga nyumba ya padri. Aliahidi pia Sh milioni 3 nyingine, na basi la parokia. Hii ilikuwa miezi minne baada ya Rais mwenyewe kutangaza, Julai 5, kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena katika harambee.

Kesho yake Askofu Mkuu alitoa taarifa. Pesa hizo zirudishwe, pamoja na Sh200,000 zilizotolewa na Gavana Johnson Sakaja, ili kanisa lisitumiwe kwa siasa.

Mitaani watu walishangilia, na vijana waliokuwa wamelalamikia michango ya wanasiasa makanisani tangu maandamano ya Juni mwaka huo walisema hatimaye wamesikika. Hata hivyo, ndugu msomaji, hebu tazama tena pesa zile zilikuwa za nini. Sehemu kubwa ya zilizotolewa siku hiyo ilikuwa ya nyumba ya padri. Mtumishi alihitaji mahali pa kulaza kichwa. Hivyo basi, tukishamaliza kupiga makofi, tujiulize swali ambalo halipendezi: mheshimiwa akiondoka na bahasha yake, nani atajenga nyumba hiyo?

HAPANA YA TUMBO TUPU

Askofu mkuu ana jina, ana ofisi na ana kanisa kubwa nyuma yake. Akisema hapana, magazeti yatamwandika kwa sifa. Sasa mfikirie mchungaji wa kanisa dogo la mabati kule mashambani Kapsoit. Yeye ana mke, ana watoto wa shule, na ana mshahara unaotegemea kilichobaki katika kikapu cha sadaka baada ya ada za makao makuu kutolewa. Katika makanisa mengi ya mashambani hali ndiyo hiyo. Mchuma majani hulipwa kwa kilo alizochuma, na asipolipwa anatafuta shamba lingine. Mchungaji naye hulipwa kwa "Mungu akubariki, mtumishi," na asipolipwa anaambiwa aongeze maombi.

Mke wake, ambaye kila mtu anamwita Mama Mchungaji, ndiye anayejua ukweli wa mambo. Wageni wa kanisa wote hunywa chai kwake. Mgonjwa akija usiku kuombewa, hula kwake. Watoto wake hawaruhusiwi kuonekana wamechakaa, maana watu watasema mchungaji ameshindwa na nyumba yake. Wala hawaruhusiwi kupendeza sana, maana watu hao hao watasema mchungaji anakula sadaka. Mwanamke huyu hupangia jiko lake pesa ambazo hajui zitafika lini.

Ni katika nyumba kama hiyo ambapo bahasha hubisha hodi. Tena haibishi kwa jeuri. Huletwa Jumamosi jioni na mtu mwenye adabu, anayeuliza habari za watoto na kukumbuka kuwa kifungua mimba yuko kidato cha tatu. Hasemi "utupigie kampeni." Husema tu kwamba mheshimiwa angependa kuabudu pamoja nanyi kesho, na hiki ni kidogo tu, ni cha chai.

Jamani, katika nchi ya majani chai, mtu akikuletea pesa za chai yafaa ujiulize ana nini!

Basi mchungaji akiipokea bahasha ile, sisi humhukumu. Tunasema ameuza mimbari. Kweli, ameuza. Lakini mnunuzi hakuanza kununua Jumamosi ile. Alipata bei nafuu kwa sababu washirika walikuwa wamemwacha mtumishi wao na njaa kwa miezi mingi. Anayesema hapana akiwa na tumbo tupu ni shujaa, nasi hatuwezi kulijenga kanisa juu ya matumaini kwamba kila mchungaji atakuwa shujaa kila Jumamosi.

BEI YA KIMYA

Wako watakaosema jambo hili ni dogo. Mheshimiwa ana pesa, kanisa lina shida, kuna ubaya gani? Harambee si ndiyo iliyojenga shule na zahanati zetu tangu uhuru?

Ubaya hauonekani siku ya kupokea. Huonekana siku ile sauti inapohitajika. Wakazi wa Kericho hawahitaji kufundishwa jambo hili. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba ziliteketezwa Londiani na Kipkelion, na majirani waliokuwa wakisalimiana sokoni wakakimbiana. Siku zile mchungaji mwenye sauti safi alikuwa na thamani kuliko lori la askari. Lakini Februari 2008, Baraza la Kitaifa la Makanisa nchini, NCCK, lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa, na kwa hiyo wakashindwa kuukabili msukosuko ule inavyopasa. Lilikuwa tamko la unyenyekevu, lakini lilitoka baada ya watu kuzikwa.

Linganisha na miaka ya mwanzo ya 1990, vita vya kikabila vilipozuka katika Bonde la Ufa. Askofu wa Nakuru wakati huo, Ndingi Mwana a'Nzeki, ambaye jimbo lake lilienea hadi Kericho, alipaza sauti kuwatetea waliofukuzwa makwao. Aliudhi wakubwa, lakini waliokuwa wamelala nje kwenye baridi walijua kuwa yupo mtu mmoja anayewasemea.

Hiyo ndiyo bidhaa inayonunuliwa kwa bahasha. Mheshimiwa anaweza kuhubiriwa vizuri kwingineko. Anachonunua kwako ni kimya cha siku ya taabu.

TUPIGE HESABU

Sasa turudi kwenye kikapu. Tuchukulie kanisa moja dogo lina familia 80. Kila familia ikitoa Sh50 kwa wiki kwa ajili ya mchungaji pekee, hizo ni Sh4,000 kwa wiki. Bahasha ya Sh100,000, ambayo kijijini ni pesa nyingi za kusimuliwa mwaka mzima, ni sawa na wiki 25 tu za hamsini hamsini hizo. Kutoka uchaguzi mmoja hadi mwingine kuna wiki zipatazo 260. Yaani washirika huuza sauti ya miaka mitano kwa pesa ambazo wangezichanga wenyewe katika nusu mwaka.

Utaniambia, mwandishi, Sh50 zitatoka wapi na chai yenyewe imeshuka? Malalamiko hayo ni ya haki. Mwaka 2025 bonasi ilishuka, na wakulima wa Kericho na Bomet walilia kwa uchungu walipoona wenzao wa mashariki mwa Bonde la Ufa wakilipwa zaidi kwa kilo. Lakini hapa ndipo mambo ya kanisa yanapoingia ndani ya nyumba zetu.

Bonasi hutolewa kwa kawaida Oktoba, baada ya hesabu za mwaka unaomalizika Juni. Nyumba nyingi huingoja kama mvua. Tuchukulie mkulima mdogo amepeleka kituoni kilo 3,000 kwa mwaka, na kiwanda chake kikalipa bonasi ya Sh20 kwa kilo. Hizo ni Sh60,000. Deni la duka likichukua Sh15,000 na karo Sh25,000, zimebaki Sh20,000. Mwenye busara atajua kwamba hizo ndizo sukari ya Desemba, sare za Januari na akiba ya ugonjwa.

Lakini nambari ya mkulima katika nyumba nyingi ni ya baba. Mama na watoto ndio wanaoamka alfajiri na kuingia shambani umande ukiwa bado kwenye majani, kisha pesa huingia katika akaunti ambayo mama haioni. Oktoba ikifika, baba huvaa koti, hupanda matatu kwenda mjini Kericho, na hurudi baada ya siku tatu akiwa na mkate na maelezo. Jumapili inayofuata huyo huyo husimama katika mkutano wa kanisa na kudai kwa sauti kubwa kwamba mweka hazina asome hesabu!

Mtume Paulo, alipomwandikia Timotheo juu ya sifa za askofu, alimtaka awe mtu anayeisimamia nyumba yake vyema, kwani asiyeweza nyumba yake hataliweza kanisa. Wengi wetu tumeisoma sehemu hiyo kama rungu la kuwapigia wachungaji. Naona inamhusu kila anayeketi katika kiti cha kikao cha kanisa, na kila mwenye nambari ya chai.

LA KUFANYA

Kwanza, kanisa limlipe mchungaji kiwango kinachojulikana, hata kama ni kidogo, na kilipwe tarehe inayojulikana. Jiko linaweza kupangia kidogo cha uhakika. Haliwezi kupangia kikubwa cha bahati.

Pili, hesabu zisomwe mbele ya washirika wote, pamoja na jina la kila aliyetoa mchango mkubwa na kazi ambayo pesa zilifanya. Bahasha huogopa kusomwa kwa sauti.

Tatu, nyumbani mume na mke waketi pamoja kabla bonasi haijafika, waandike itakavyogawanywa, na watoto wakubwa waitwe wasikie. Kijana aliyeona baba yake akitoa hesabu kwa mama hatashangaa akiombwa hesabu akiwa kiongozi.

Nne, ninyi mlio Nairobi, Nakuru na Mombasa, mnaorudi mashambani Desemba na kutoa noti mbele ya watu ili mpigiwe vigelegele. Mama na baba zenu wanawakumbuka, lakini kanisa la kijijini hula miezi yote 12. Tumeni kidogo kila mwezi kwa simu, bila kipaza sauti. Nanyi wanafunzi, msidhani hamhusiki. Anayezoea kuchangisha karo kwa kadi ya harambee inayompeleka kwa kila mheshimiwa aanze kujiuliza atakuwa na deni la nani akishahitimu.

Sapit na Anyolo walisema hapana wakiwa juu, na heshima ni yao. Lakini hapana ya Butere na ya Soweto haiwezi kufika Kapsoit peke yake. Itafika ikibebwa na mshirika anayeweka noti yake ya hamsini kikapuni kila wiki, mvua au jua, na anayejua mkewe yuko radhi nayo kwa sababu waliipanga pamoja. Mchungaji wa watu kama hao anaweza kumtazama mheshimiwa machoni, akamkaribisha kiti, akampa kitabu cha nyimbo, na mambo yakaishia hapo.

Leo kikapu kitapita mbele yako. Kabla hakijakufikia, jiulize mchungaji wako alikula nini jana, na nani alilipia. Tukutane Jumapili ijayo.