Dipoziti ya nyumba Tiwi: nani alipie chumvi ya bahari?

Kila mwaka, Pasaka ikishapita na masika kuanza, wageni hupungua Diani na hoteli hupunguza vibarua. Wiki chache baadaye utaona tuktuk na pikapu zimepakia godoro, mtungi wa gesi na sufuria, zikitoka Tiwi kuelekea Likoni au upande wa Lunga Lunga. Watu wanarudi makwao hadi msimu ufunguke tena. Kodi wamelipa, funguo wamerudisha. Kilichobaki ni dipoziti, na hapo ndipo maneno huanza.

"Njoo mwisho wa mwezi." "Ngoja nipate mpangaji mwingine." "Ukuta umeuharibu, na rangi siku hizi ni pesa." Mpangaji huenda na kurudi hadi nauli inamshinda, akaiachilia. Pesa ambayo ingemlisha mwezi mzima akiwa hana kazi inabaki kwa mwenye nyumba, na kila mmoja anamwita mwenzake mwizi.

Wezi wapo, wa kila upande. Lakini ukiyachunguza magomvi haya utaona mengi hayaanzi na wizi. Yanaanza na mambo mawili: pesa huwa imeshatumika kabla ya siku ya kurudishwa, na hakuna aliyeandika nyumba ilikuwaje siku ya kuingia. Yote mawili yana dawa.

Pesa ilikokwenda

Tuseme mama mmoja wa Tiwi ana vyumba kumi, kila kimoja kodi yake ni shilingi 6,000. Kwa dipoziti ya mwezi mmoja atakuwa amepokea shilingi 60,000. Hakuna sheria ya Kenya inayomlazimisha kuziweka kando benki. Basi huzitumia: anapiga plasta chumba cha kumi na moja, analipa karo, anamzika ndugu. Hapo hajamdhulumu mtu, kwa sababu siku mpangaji mmoja akitoka, mwingine anaingia, na dipoziti ya anayeingia humlipa anayetoka.

Mzunguko huo unakwenda vizuri Desemba. Masika unakatika. Wapangaji wanne wanatoka mwezi mmoja na hakuna anayeingia. Mama anatakiwa kutoa shilingi 24,000 kwa mara moja, na mwezi huohuo kodi zake zimepungua. Hapo ndipo ukuta uliokuwa mzima jana unapoanza kuonekana na kasoro.

Hali hii hujitokeza kila kazi nyingi zinapofungwa pamoja. Corona ilifunga hoteli za Diani mwaka 2020. Desemba 2024 Base Titanium ilimaliza uchimbaji wake hapa Kwale. Kazi zikikatika hivyo, watu hawahami mmoja mmoja, wanahama kwa makundi, na mwenye nyumba aliyekuwa akitegemea anayeingia hukuta hakuna anayeingia.

Sisi wa pwani tuna neno la pesa ya namna hii: amana. Mtu akikuwekea amana, haijawa yako. Unaweza kuwa umeishika miaka mitatu, bado ni ya mwenyewe. Dipoziti ni hivyohivyo. Si kodi ya mwezi wa mwisho na wala si bakhshishi ya mwenye nyumba. Ni pesa ya mpangaji iliyoshikwa kwa sharti moja: akiacha deni au uharibifu, gharama ya hilo ikatwe, na kinachobaki kirudi.

Uharibifu wa nani?

Swali gumu ni uharibifu. Tiwi si Nairobi. Upepo wa bahari una chumvi, nayo chumvi inakula bawaba, vitasa, mabati na nondo zilizo ndani ya zege hadi plasta inapasuka. Maji ya visima vya karibu na ufuo huacha ukoko mweupe kwenye mifereji na shawa. Masika ikishika, ukungu unapanda ukutani hata kwa mtu anayefagia mara mbili kwa siku. Makuti yanaoza na kuvuja. Mambo hayo yangetokea hata kama nyumba ingekuwa tupu.

Sheria ya Ardhi ya 2012 imeligusa jambo hili. Kifungu cha 66 kinamtaka mpangaji airudishe nyumba katika hali aliyoipokea, lakini kinamwondolea mzigo wa uchakavu wa kawaida, na pia wa madhara ya moto, mafuriko au dhoruba ambayo hakuyasababisha kwa uzembe wake. Kifungu cha 65 nacho kinasema kwamba pale mtu anapopangishwa sehemu tu ya jengo, paa, kuta za nje, mitaro mikuu na sehemu za pamoja ni jukumu la mwenye nyumba. Vyumba vingi vya Tiwi viko hivyo, jengo moja la wapangaji kadha.

Kwa hiyo kitasa kilicholiwa na kutu si cha mpangaji kulipa. Rangi iliyofifia baada ya miaka miwili si yake. Ukungu wa paa linalovuja si wake. Lakini kioo kilichovunjwa na mpira wa watoto ni chake. Sinki iliyopasuliwa, mlango uliopigwa teke, choo kilichoziba kwa vitambaa, funguo zilizopotea na bili ya maji isiyolipwa, hayo yote ni yake na yanaweza kukatwa. Hata hapo hukatwa gharama halisi ya kurekebisha. Kioo kimoja hakiwezi kumeza dipoziti nzima.

Tatizo ni nani anayeamua. Leo anayeishika pesa ndiye anayekagua nyumba, na ndiye anayetaja bei ya fundi. Huwezi kuwa mchezaji na refa katika mechi moja ukategemea wenzako waridhike.

Sheria ilipokomea

Wengi husikia kwamba Kenya ina baraza la kesi za wapangaji. Lipo, ila mlango wake ni mwembamba. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, Sura ya 296, inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Anayekaa chumba kimoja cha kizamani huenda bado anaingia humo. Mwalimu, muuguzi au mpishi wa hoteli aliyepanga selfu ya shilingi 8,000 yuko nje. Sheria ya Sura ya 301 ni ya maduka, hoteli na mikahawa, si ya mtu na chumba chake cha kulala. Muswada wa mwaka 2021 ulikusudia kuziunganisha sheria hizi, lakini haukufika mwisho wa safari.

Hii haimaanishi kwamba mpangaji wa shilingi 8,000 hana pa kwenda. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 inaruhusu madai ya pesa yasiyozidi shilingi 1,000,000, zikiwemo pesa zako zilizoshikwa na mtu mwingine. Huhitaji wakili. Mahakama hiyo haifungwi kabisa na kanuni za kawaida za ushahidi, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Nenda mahakama ya Kwale uulize madai kama yako yanafunguliwa wapi. Na deni la mkataba halifi mwaka ukiisha: una miaka sita ya kulidai kortini.

Kabla ya korti kuna mzee wa mtaa na chifu. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 159, inahimiza usuluhishi. Kwa dipoziti ya shilingi 6,000, kikao cha nusu saa mbele ya mtu anayeheshimiwa na pande zote mara nyingi kinashinda safari tatu za kortini. Lakini hata chifu atauliza swali lilelile atakalouliza hakimu: una nini cha kuonyesha?

Daftari na simu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ya kuingia, kabla kitanda hakijashushwa, mpangaji na mwenye nyumba watembee chumba kwa chumba. Waandike: mfereji wa jikoni unavuja, kioo cha dirisha la pili kina ufa, kitasa cha choo kina kutu, mita ya maji inasoma hivi. Wapige picha na kutumiana kwa WhatsApp siku ileile, ili tarehe ijiandike yenyewe. Dipoziti ilipwe kwa M-Pesa, au kama ni taslimu, itolewe risiti iliyoandikwa "dipoziti", isichanganywe na kodi. Siku ya kutoka watembee tena na orodha ileile mkononi.

Notisi nayo ina hesabu yake. Kwa Sheria ya Ardhi, kama mkataba hausemi vingine, anayelipa kwa mwezi hutoa notisi isiyopungua mwezi mmoja, nayo iishe siku ambayo kodi hulipwa. Kama kodi yako hulipwa tarehe 1, notisi ya tarehe 10 Aprili haikutoi tarehe 10 Mei. Inakupeleka hadi tarehe 1 Juni. Wengi hupoteza dipoziti hapo, si kwa ukuta wala kioo. Iandike hata kwa ujumbe wa simu, na uombe ijibiwe.

Wapangaji nao wasijitoe lawamani. Mtindo wa kuikalia dipoziti, yaani kutolipa mwezi wa mwisho kisha kuondoka, unawaumiza wanaokuja baadaye. Mwenye nyumba aliyeachiwa sinki iliyovunjika na bili ya maji ya miezi mitatu, bila kitu cha kukata, ndiye kesho anayedai dipoziti ya miezi miwili kwa mgeni asiye na hatia. Kwa wengi wa kina mama wa Tiwi, vyumba vile ndivyo pensheni yao.

Kwa mwenye nyumba ushauri ni mwepisi kuusema, mgumu kuufanya: usizile zote. Mwenye vyumba kumi akibakiza akiba ya dipoziti nne katika akaunti ya simu asiyoigusa, masika itamkuta tayari. Na kama mwezi huo hana, aseme hana, aandike tarehe ya kulipa na alipe kwa mafungu. Mpangaji atasubiri deni linalokubaliwa, ila hatasahau ukuta aliosingiziwa.

Ndugu zetu walioko Uingereza wanajua njia nyingine. Huko England na Wales, tangu 2007, mwenye nyumba katika upangaji wa kawaida hana ruhusa ya kuiacha dipoziti ikae mfukoni mwake bila ulinzi. Huisajili katika mpango uliokubaliwa na serikali, na siku hizi ana siku 30 za kufanya hivyo. Wakigombana, mpango huo una msuluhishi asiye wa upande wowote. Muswada mpya ukija bungeni, wabunge wetu wa Kwale wanaweza kudai jambo hilo moja: anayeishika pesa asiwe ndiye hakimu.

Na haja inaongezeka. Tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe, mtu anaweza kulala Tiwi na kufanya kazi Mombasa bila kungoja feri. Vyumba vinajengwa, na wapangaji wanaokuja hawajuani na wenye nyumba kama zamani, ambapo kila mtu alikuwa mtoto wa fulani. Pale undugu ulipokuwa ndio mkataba, sasa inahitajika karatasi.

Sheria hiyo ikija tutaipokea. Kwa sasa, anayehama Tiwi mwezi huu bila orodha ya siku ya kuingia ataingia kikaoni na mdomo mtupu. Anayehamia leo anayo simu mfukoni, na picha kumi hazimgharimu hata dakika tano.