Nyumba Ndogo, Kiwanja Kikubwa

Ndugu wafanya kazi, wengine wetu tunaochuma mshahara Mombasa twatamani kununua nyumba kuukuu ya udongo huko Kau, kando ya mto Ozi, yenye kiwanja kipana. Nia ni njema. Lakini twanunua nini? Mombasa tumezoea nyumba bila ardhi: kuta zako, ardhi ya mwingine, na kodi kila mwezi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 yakataza hata serikali ya kaunti kuuza ardhi ya jamii isiyoandikishwa. Yaishika kwa amana tu. Basi jirani atauzaje? Karatasi yenye mashahidi wawili si hati. Kabla ya kutoa akiba, nendeni ofisi ya ardhi mkatazame daftari. Jina la muuzaji lisipokuwamo, rudini na fedha zenu.