Mtoto akizaliwa, mshahara wa mama unabaki nyuma: Kwa nini?

Wanasheria wawili wamehitimu siku moja na kuanza kazi kwa mshahara sawa. Miaka 15 baadaye, mmoja anamzidi mwenzake mbali. Mara nyingi aliyeachwa ni mwanamke, na pengo lilianza alipopata mtoto wa kwanza.

Hilo ndilo fumbo ambalo mchumi wa Marekani Claudia Goldin, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, amelifuatilia kwa zaidi ya miaka 40. Oktoba 2023 lilimpa Tuzo ya Nobel ya Uchumi, akawa mwanamke wa kwanza kuipata bila kugawana na mtu.

Zamani ilikuwa peupe

Goldin alipekua kumbukumbu za miaka 200. Alikuta sensa za zamani zikiwaandika wanawake wengi "mke" tu, hata kama walishinda shambani au kwenye biashara ya familia.

Katika miaka ya 1930, waajiri wengi Marekani walikuwa na kanuni moja: mwalimu au karani wa kike akiolewa, kazi basi.

Kanuni hizo zimekufa, na tangu 1964 sheria inakataza kumbagua mfanyakazi kwa jinsia yake. Lakini mwanamke anayefanya kazi ya kutwa bado anapata senti 80 na kitu kwa kila dola 1 ya mwanaume.

Kazi zenye uroho

Jibu la Goldin ni kwamba kuna kazi zenye uroho. Hizi hulipa vizuri mno anayepatikana saa zote: usiku, wikiendi, mteja akipiga tu.

Sasa nyumbani kuna mtoto. Lazima mmoja awe tayari shule ikipiga simu kwamba mtoto ana homa. Kwa kawaida ni mama. Anachukua kazi yenye saa zinazoeleweka, baba anabaki kwenye ile ya uroho. Hakuna bosi aliyemtukana mtu, ila pengo linakua.

Wafamasia waliponaje?

Goldin na mwenzake Lawrence Katz waliwachunguza wafamasia wa Marekani. Maduka makubwa ya dawa na kompyuta vilifanya rekodi za mgonjwa zisomwe na mfamasia yeyote. Mmoja akitoka, mwingine anashika zamu, mteja hapotezi kitu. Matokeo yake, anayefanya saa chache haadhibiwi kwa kila saa, na pengo la mishahara kati ya wanawake na wanaume likawa dogo kuliko kwenye taaluma nyingi.

Ndiyo maana mjadala wa kurudi ofisini una uzito. Baada ya Uviko-19 wengi walizoea kufanyia kazi nyumbani, lakini tangu Januari 2025 Amazon, kwa mfano, inawataka wafanyakazi wake wa ofisini wafike siku 5 kwa wiki.

Kumwadhibu bosi mbaguzi ni lazima, ila hakutoshi. Kama kazi yenyewe inamtaka mtu asiye na mtoto wa kulea, mama atazidi kuachwa hata bosi akiwa mtu mwema.