Mtoto mwerevu asiyeweza kusoma



Baba mmoja ametuletea swali, nasi tumeona lafaa kujibiwa hapa mbele ya wote, maana twajua si yeye peke yake mwenye shida hii. Asema kwamba binti yake ana miaka 10. Siku za soko humfuata mama yake kuuza maharagwe. Mnunuzi akitaka vikombe 7 na kutoa noti kubwa, mtoto hutaja fedha za kurudisha kabla mama hajamaliza kufikiri. Hadithi akiisikia mara moja, huisimulia yote. Majibu ya katekisimu ayajua kwa moyo, hata yale ya mwaka ujao, kwa kuwa aliyasikia kwa kaka zake. Lakini mpe kitabu! Amekaa shuleni miaka 4, amekwisha kurudia darasa mara moja, na hata leo husoma kama mtu achambuaye mchele: silabi moja, kisha husimama, kisha nyingine, kisha hukisia. Mwalimu wake aliandika kwamba angeweza, ila hataki. Baba auliza: «Je, niendelee kumnunulia madaftari, au abaki sokoni na mama yake, katika kazi anayoiweza?»

Kabla ya kujibu, yatupasa kuungama kosa letu wenyewe. Katika mwaka wetu wa kwanza wa kufundisha tulikuwa na mvulana wa darasa la 4 ambaye aliweza kufungua redio iliyokufa na kuifanya iseme tena. Aliposoma mbele ya wenzake, darasa lote lilicheka. Nasi, badala ya kuwanyamazisha waliocheka, tulimpigisha magoti yeye. Tulidhani kwamba mwenye akili kama ile, asiposoma, ni mkaidi tu. Katika ripoti yake tuliandika neno moja: «Mvivu». Mwaka uliofuata hakurudi. Miaka mingi baadaye tulimkuta katika karakana, fundi anayesifiwa na madereva wote. Alitupokea kwa heshima, akatuletea kiti. Kisha akatazama huku na huku, akatoa barua mfukoni, akatuomba tumsomee polepole. Barua ilitoka kwa mke wake aliyekuwa safarini. Alikuwa ameichukua mfukoni siku 9.

Tangu siku ile tumejitahidi kujua ni nini kile ambacho hatukukiona. Na kumbe wengine walikwisha kukiona zamani. Mwaka 1896 mganga mmoja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika gazeti la waganga liitwalo British Medical Journal habari za mvulana wa miaka 14, jina lake Percy. Kijana huyu alikuwa mwepesi wa akili, hodari katika michezo, wala macho yake hayakuwa na kasoro. Alikuwa amefundishwa kusoma tangu utoto, lakini aliweza kwa shida maneno mafupi kabisa. Hata jina lake mwenyewe aliliandika «Precy» badala ya «Percy», asitambue kosa. Lakini alipopewa hesabu ya kuzidisha 749 kwa 867, aliifanya upesi, tena bila kosa. Jibu lake ni 649,383. Nanyi mwaweza kujaribu nyumbani mkapime ugumu wake. Mwalimu wa kijana huyo alisema kwamba kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo tu, Percy angekuwa wa kwanza katika shule nzima.

Leo shida hii yaitwa disleksia. Si ugonjwa wa macho, si uchawi, si laana ya ukoo, wala haiambukizi. Si uvivu pia. Mtoto huzaliwa nayo, na mara nyingi katika jamaa yake yuko mwingine aliyeteseka vivyo hivyo: baba, mjomba, au shangazi. Wataalamu wameona kwamba kwa wengi wa watoto hawa ugumu uko katika kuunganisha sauti na herufi. Sisi wengine, tukiona alama, sauti yake huja yenyewe. Kwake haiji yenyewe. Lazima aitafute kila mara, na kutafuta huko kwamchosha. Aona «b» na «d» kama ndugu pacha, akasoma «baba» palipoandikwa «dada». Tena jana alilijua neno, leo amelisahau.

Yafaa tueleze jambo moja linalowahusu hasa watoto wetu wa Kongo. Lugha ya Kiswahili huandikwa kama inavyosemwa. Kila herufi yashika sauti yake. Kwa hiyo mtoto wa namna hii aweza kusoma Kiswahili bila makosa mengi, ila polepole mno, nasi hatushtuki. Kisha anaingia katika Kifaransa. Huko sauti moja ya «o» huandikwa mara «o», mara «au», mara «eau». Na mwisho wa maneno mengi zimo herufi zisizosomwa kabisa. Hapo yule aliyekuwa akichechemea huanguka. Mwalimu asema: «Mwaka jana alikuwa mzuri, mwaka huu ameharibika.» Hapana, hakuharibika. Ni njia iliyobadilika.

Mnauliza: mbona basi walimu na wazazi hawaoni? Ni kwa sababu vitu viwili hivi, akili na shida, hufichana. Kwa mtoto mmoja, akili huficha shida: husikiliza mwenzake akisoma, hushika yote kwa moyo, kisha hushika kitabu na kusema kana kwamba asoma. Kwa mwingine, shida huficha akili: kwa kuwa hasomi, ahesabiwa mjinga, hapewi lolote la kumfikirisha. Na kwa wa tatu, vyote viwili huvutana hata aonekane mtoto wa kawaida tu, asiyehitaji tuzo wala msaada. Huyu wa tatu ndiye apoteaye kimya kimya.

Basi, tufanye nini?

Kwanza, mpelekeni mtoto akapimwe macho na masikio. Pengine shida yote yatoka huko, na miwani yatosha. Lakini macho na masikio yakiwa mazima, na ikiwa asikia na kueleza vizuri mambo asiyoweza kuyasoma, msiseme tena kwamba hataki.

Pili, afundishwe kusoma kwa namna inayomfaa. Mtoto huyu aweza kujifunza; ahitaji njia iliyopangwa vizuri na muda mrefu zaidi. Maria Montessori, mganga wa Italia aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, alikata herufi katika karatasi ya msasa, watoto wakazipapasa kwa vidole huku wakitamka sauti zake. Sisi tuna mchanga mbele ya kila nyumba. Mtoto na aandike herufi kubwa mchangani kwa kidole, aitamke, aione, aisikie. Achukue «b» peke yake mpaka aizoee, ndipo mumpe «d». Apige makofi kwa kila silabi: ma-ha-ra-gwe, makofi 4. Dakika 15 kila siku zapita saa 2 za Jumamosi zenye machozi. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, wakati anapojifunza kusoma, elimu nyingine isimngoje mlangoni. Kaka au dada amsomee somo la historia na la jiografia, naye alieleze kwa maneno yake. Mwalimu amsomee swali la hesabu, maana hapo twapima hesabu, hatupimi kusoma. Ikiwezekana, na ajibu kwa mdomo, au apewe dakika zaidi. Asiitwe ghafla kusoma kwa sauti mbele ya wote. Aonyeshwe kifungu jana yake, akijaribu nyumbani. Twajua kwamba madarasa yetu yamejaa, hasa tangu mwaka 2019, malipo yalipoondolewa katika shule za msingi za serikali. Walakini kumsomea mtoto mmoja swali hakupotezi hata dakika 2.

Nne, na hili ndilo twalisisitiza kuliko yote: msimnyang'anye kipaji chake ili kumwadhibu kwa shida yake. Wazazi wengi husema: «Usiguse redio mpaka ujue kusoma.» Ni kama kumkataza kiwete asitumie mikono mpaka miguu ipone. Mtoto huyu kila siku shuleni huonja kushindwa; lazima awe na mahali pamoja anapoonja kushinda. Wala msimpe katika kipaji chake kazi za watoto wadogo. Anayejua hesabu apewe hesabu ngumu, hata zile za darasa lililo juu yake. Mwenye kushika hadithi asimulie mbele ya darasa. Akili isiyopewa kazi huchoka, na pengine hugeuka kuwa utundu.

Hatusemi kwamba kila mtoto asiyesoma ana kipaji kikubwa kilichofichika. Wako wenye kipaji kidogo, nao wana haki ileile ya kufundishwa kwa uvumilivu. Twasema tu kwamba kitabu si kipimo cha pekee cha akili, na mwalimu anayepima kwa kitabu tu atakosea, kama tulivyokosea sisi.

Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu kwa urahisi, mkumbuke kwamba urahisi huo hamkuununua. Mwenzenu akikwama katika neno, msicheke. Kicheko cha darasa kimewatoa shuleni watoto wengi kuliko fimbo.

Sasa tumjibu baba yetu. Ndugu mpenzi, usimtoe binti yako shuleni. Kama angekuwa mvulana, pengine swali lako lisingekuja upesi hivi. Ujichunguze katika jambo hilo. Soko ni zuri, na kipaji chake cha hesabu kitamfaa huko. Lakini mfanyabiashara asiyeweza kusoma hati anayotiwa kidole humtegemea mtu mwingine maisha yake yote, na si kila mtu ni mwaminifu. Nenda kwa mwalimu wake, si kwa ugomvi, ukamweleze kile ukionacho nyumbani: jinsi anavyohesabu, jinsi anavyosimulia. Huenda mwalimu hajakiona hata siku moja. Mwombe amsomee maswali. Jioni keti naye mchangani robo saa, herufi moja, kisha nyingine. Na siku ya soko mwache ahesabu fedha, umsifu mbele ya wanunuzi.

Utuandikie tena kabla ya mwisho wa mwaka wa shule. Hata sisi twataka kujua amefika wapi. Na akiweza, na aandike yeye mwenyewe mstari mmoja chini ya barua yako. Hatutahesabu makosa.