Amana Iliyolazwa London

Tangu Desemba 1919, ilipoundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki na makao yake kuwekwa London, kaida ilikuwa kwamba sarafu haitolewi Mombasa wala Dar es Salaam ila kwa pauni iliyokwisha kulipwa Uingereza. Maana yake kwa mkulima wa pamba wa Mwanza ni kuwa thamani ya jasho lake ilibaki ng'ambo, ikanunuliwa hati za dhamana, zikiwamo za serikali ya Uingereza yenyewe, naye akakabidhiwa noti. Hivyo maskini alimkopesha tajiri bila kuulizwa.

Sikatai kwamba wafanyabiashara walipata utulivu: pauni moja ilikuwa shilingi 20, na hata Unguja, ilipoiacha rupia yake mwaka 1936, kila rupia ilibadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Lakini utulivu huo ulinunuliwa ghali mno, kwani hadi 1955 Bodi haikuruhusiwa kutoa sarafu kwa dhamana za serikali zetu wenyewe, hali nchi zikihitaji barabara, skuli na visima. Hiyo naiita dhuluma, ingawa hesabu zake ziliandikwa kwa adabu.