Rubisi hufa siku ya tatu, lakini si lazima

Siku ya kwanza rubisi ni tamu. Siku ya pili ina nguvu. Siku ya tatu huanza kuchacha, na siku ya nne mwenye nayo hutafuta wa kumpa bure au huimwaga migombani. Hiyo ndiyo kalenda ya biashara ya pombe ya ndizi katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, na kila mkulima mwenye migomba ya embire au kisubi anaijua kuliko anavyoijua kalenda iliyobandikwa ukutani.

Kalenda hiyo inampa mnunuzi nguvu zote. Mwenye kilabu anajua kwamba pombe iliyokamuliwa Jumatatu haiwezi kusubiri hadi Ijumaa, hivyo hana haraka ya kupandisha bei. Chukulia mfano wa mtu aliyetengeneza lita 100. Akiuza lita 60 kwa bei nzuri siku ya kwanza, lita 25 kwa bei ya kutupa siku ya pili, na 15 zikamchachia, basi faida yote ya mkungu, ya mtama na ya jasho la vijana waliokanyaga ndizi kwenye mtumbwi imo katika zile 60 za mwanzo. Zilizobaki zinarudisha hela ya kuni.

Wilaya hizi mbili hazina uhaba wa watu wanaojua pombe. Mzee wa Nkwenda, Kaisho au Nyaishozi hahitaji kuambiwa rubisi ni ya lini. Anamiminiwa kidogo, ananusa, anaonja, kisha anasema: hii ni ya jana asubuhi, mtama wake uliungua wakati wa kukaanga, na maji yamezidi. Mara nyingi hakosei. Ila ujuzi huo hutumika kukataa pombe iliyoharibika tu. Ni nadra kuona unatumika kutafuta ile inayoweza kudumu.

Kwingineko duniani kazi hiyohiyo ya kuonja inaendeshwa kwa kalenda ya miaka. Mwaka 1968 kiwanda cha Eldridge Pope cha mji wa Dorchester, Uingereza, kilitengeneza bia kali iliyoitwa Thomas Hardy's Ale, yenye kilevi cha karibu asilimia 12, na kuwaambia wanywaji kwamba chupa ikitunzwa vizuri inaweza kukaa miaka 25. Tangu 1997 kiwanda cha Fuller's cha London kimekuwa kikitoa kila mwaka bia yake yenye kilevi cha asilimia 8.5, chupa ikiwa imeandikwa mwaka wake. Wapenzi wa bia hizo hununua chupa kadhaa, huzilaza mahali penye giza na ubaridi, na kufungua moja baada ya nyingine kwa miaka. Wakikaa kuonja huweka ya mwaka huu kando ya ile ya miaka mitano na ile ya miaka kumi. Changa huwa na ukali na uchungu wa mmea wa hopsi. Kadiri miaka inavyopita uchungu unapungua, rangi inakolea, na ladha inaelekea kwenye sukari iliyoungua, zabibu kavu na asali. Chupa za miaka ya mwanzo zinazopatikana leo huuzwa kwa bei ya mara nyingi kuliko bia mpya.

Mwenye duka wa Kayanga akisoma hapa asikimbilie kuficha kreti zake za bia uvunguni akisubiri bei ipande. Bia za kawaida zinazofika Karagwe kutoka viwanda vya Mwanza na kwingineko hazikutengenezwa kwa ajili ya kuzeeka. Zina kilevi cha asilimia tano hivi, zimechujwa, na zimepashwa moto ili kuua vijidudu. Ubora wake ni upya wake. Zikikaa sana hewa kidogo iliyobaki ndani ya chupa huanza kazi, na bia hupata ladha ya karatasi iliyolowa. Zikianikwa juani nje ya duka, kama inavyoonekana mara kwa mara pembeni mwa barabara ya Omurushaka, mwanga hugombana na hopsi na kutoa harufu mbaya. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani huzuia kidogo, na ile nyeupe haizuii kitu. Kwa mfanyabiashara huyo ushauri ni mfupi: kreti iliyoingia kwanza itoke kwanza, tarehe ya mwisho wa matumizi isomwe kabla ya kupokea mzigo, na bia ikae kivulini.

Ukweli ni kwamba uzee peke yake haujawahi kuboresha pombe yoyote. Mwaka 2010 wapiga mbizi walikuta chupa za bia katika meli iliyozama kwenye miaka ya 1840 karibu na visiwa vya Åland, katika Bahari ya Baltiki. Wataalamu wa Finland walipima chupa mbili na kutoa matokeo mwaka 2015. Maji ya bahari yalikuwa yamepenya, vijidudu vilikuwa vimefanya kazi yao, na walionusa waliandika kwamba bia ile ilitoa harufu ya mpira ulioungua, jibini iliyoiva kupita kiasi na mbuzi. Zaidi ya miaka 160 chini ya bahari, na matokeo yake ni beberu!

Kinachoamua ni hali ya kilichomo ndani ya chupa siku inapozibwa. Kilevi kingi huzuia vijidudu vingi visizaliane. Chachu hai iliyobaki ndani hula hewa kidogo iliyoingia. Kizibo kisichovuja huzuia nyingine isiingie. Giza na ubaridi hupunguza mwendo wa yote.

Mfano wa Ubelgiji unawagusa zaidi watu wa Kagera, kwa sababu bia yenyewe ni chachu. Huko wapo watengenezaji wanaoacha bia ichachuke kwa vijidudu vya hewani, bila kutia hamira ya dukani, kama ilivyo kwa rubisi. Hukaa kwenye mapipa ya mbao mwaka mmoja, miwili, hata mitatu. Kisha mwonjaji hupita pipa kwa pipa, huchagua, huchanganya changa na kuukuu, na mchanganyiko huo hutiwa kwenye chupa nene zenye kizibo kama cha mvinyo. Bia hiyo, gueuze kwa jina, hukaa miaka mingi na bado watu hulipa. Uchachu wake umelelewa, haukutokea kwa bahati mbaya.

Uchachu unaoiua rubisi ni mwingine. Baada ya ndizi kuivishwa, kumenywa, kukanyagwa kwa majani na kuchujwa, juisi huongezwa maji, hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, na hufunikwa kwa majani ya migomba ndani ya mtumbwi usiku kucha au zaidi. Chachu hula sukari na kutoa kilevi na gesi. Lakini mtumbwi uko wazi kwa hewa, na wapo vijidudu wengine wanaohitaji hewa hiyo ili kugeuza kilevi kuwa siki. Kila saa rubisi inapokaa kwenye ndoo isiyo na mfuniko, kila kata inapochovywa na kutolewa, siki inasogea karibu. Kwa maneno mengine, adui mkubwa wa rubisi ni hewa, na hewa inaweza kufungiwa nje.

Jambo hilo si ndoto. Kampuni ya Banana Investments ya Arusha imekuwa ikitengeneza vinywaji vya ndizi vya chupa, Raha kikiwa kimoja wapo, na kuviuza kwenye baa mbali na migomba ilikotoka. Ng'ambo ya mto Kagera, nchini Rwanda, urwagwa hutiwa kwenye chupa zenye lebo na kupangwa madukani. Karagwe na Kyerwa, zenye migomba inayofika hadi mlangoni pa kila nyumba, zinaendelea kuuza kwa kata.

Wapo watakaosema rubisi ya chupa si rubisi. Wana haki. Utamu wa rubisi ni ile gesi changa, ladha ya mtama, na kibuyu kinachozunguka kati ya watu wanaofahamiana. Pombe ya posa itabaki ya kibuyu, na isiguswe. Lakini ya sokoni ni habari nyingine. Bidhaa ya chupa isiigize rubisi ya siku ya pili, kwa kuwa itashindwa. Iwe kinywaji kingine kutoka ndizi zilezile, chenye maji machache, kilichoachwa kikachachuka hadi mwisho, kikatulia na kutengana na mashapo. Maji hapa ndiyo kishawishi. Anayeongeza ndoo ya maji anaongeza lita za kuuza leo, na anapunguza nguvu ambayo ingeihifadhi pombe kesho.

Hatua ya kwanza haihitaji kiwanda. Kikundi cha wakulima kinaweza kutafuta kreti moja ya chupa za kahawia, vizibo vipya, mashine ya mkono ya kuzibia, kipimajoto na sufuria kubwa. Pombe isitiwe kwenye chupa ikiwa bado inatoa mapovu, kwa sababu gesi itapasua chupa, na kipande cha chupa hakichagui jicho la kuingia. Baada ya kuziba, chupa 12 zipashwe ndani ya maji ya nyuzi 60 kwa dakika 20 hivi, na 12 ziachwe bila kupashwa. Zote ziandikwe tarehe na kulazwa gizani. Hali ya hewa ya ubaridi ya vilima vya Karagwe ni msaada ambao mtu wa Dar es Salaam angeulipia umeme.

Kisha kazi ya kuonja ianze. Kila baada ya wiki mbili ifunguliwe moja ya kila aina, imiminwe kwa waonjaji watano wasioambiwa ipi ni ipi, na pembeni iwekwe rubisi ya jana ya kulinganisha. Mmoja aandike kwenye daftari: rangi, harufu, uchachu, gesi, na kama mwonjaji angeinunua. Wiki ambayo wengi wataikataa ndiyo ukomo wa pombe hiyo. Muda utakaoandikwa kwenye lebo uwe nusu ya huo, kwa kuwa chupa itakayosafiri kwa lori hadi Bukoba au Biharamulo haitapata starehe ya ile iliyolazwa nyumbani. Huenda ya kwanza ikafa wiki ya nne. Hata hivyo, wiki nne ni mara saba na zaidi ya siku zile tatu au nne ambazo mwenye kilabu amekuwa akizitumia kumpangia mkulima bei.

Wakulima hawa wanaijua nguvu ya kuonja kupitia kahawa. Kwa miaka mingi kahawa ya Kagera imeonjwa na wataalamu mjini Moshi kabla ya mnada, na ladha waliyoiandika ikagusa bei iliyorudi kijijini. Wengi walioivuna hawajawahi kukaa kwenye meza hiyo. Kwenye pombe ya ndizi meza bado iko wazi, na ulimi upo kijijini.

Sehemu ngumu ni karatasi. Tangu 2019 usalama wa vyakula na vinywaji uko chini ya TBS, baada ya kazi hiyo kuondolewa iliyokuwa TFDA, na hakuna chupa inayopaswa kuuzwa kabla ya kupimwa na kuthibitishwa. Kuna ushuru wa bidhaa na stempu zake za kielektroniki. Kuna leseni. Mkulima mmoja hataweza mzigo huo, na kumwambia aende mwenyewe ni kumdhihaki. Ni kazi ya kikundi au chama cha ushirika, SIDO ikisaidia mafunzo, na halmashauri zote mbili zikikubali kwamba pombe ya ndizi ni zao la kibiashara na siyo tu chanzo cha ushuru wa vilabu. Njia ya mkato inajulikana na ni mbaya: pombe iliyochacha kupelekwa kwenye mtambo wa gongo. Ni kosa la jinai, na imepofusha na kuua watu.

Haraka ipo pia shambani. Mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria uligunduliwa Uganda mwaka 2001 na kufika mkoani Kagera mwaka 2006, ukianzia Muleba. Uganda uliivamia zaidi kayinja, ndizi ya pombe, kwa kuwa wadudu hubeba ugonjwa kutoka ua la dume hadi jingine. Dawa ya kunyunyiza haipo. Kinga ni kuvunja ua la dume mapema kwa mti wenye panda, kusafisha panga kwa moto, na kung'oa shina lililougua. Ni kazi ya kila wiki, na mkulima huifanya kwanza kwenye migomba ya matoke kwa sababu ndiyo inayomlisha. Ya pombe husubiri. Itaendelea kusubiri maadamu mkungu wake unauzwa kwa bei ya kitu kinachokufa keshokutwa.