"INPUT 4" NDIYE NANI?

Muhula uliopita kwaya yetu ilirekodi wimbo kwa kompyuta. Maikrofoni zilikuwa nane, na kwenye skrini zikaitwa Input 1 hadi Input 8, basi. Tulipoketi kusafisha kazi, mmoja wetu akafuta Audio 4 pamoja na faili yake, akidhani ni ile maikrofoni ya ziada. Kumbe ndiyo ya mwimbaji kiongozi! Lo!

Waama, kompyuta haikuwa na hatia. Pro Tools ina ukurasa uitwao I/O Setup, ambapo mtu huandika jina la kila njia ya kuingizia sauti na ya kutolea. Ni dakika chache tu. Traki nayo ipewe jina kabla ya kurekodi, kwani faili huchukua jina la traki. "Kiongozi" itajulikana hata mwakani, lakini "Audio 4" ni kitendawili.

Wengine watasema eti huko ni kupoteza wakati. Wakati gani? Tuliimba upya siku mbili, na kiongozi alikuwa amekauka sauti!

Majina yawe mafupi: Kiongozi, Sauti 1, Ngoma. Yasiwe ya watu, maana Kidato cha Nne wataenda zao na mpangilio utabaki. Tena ukihamisha waya, badilisha jina papo hapo. Mwalimu wetu wa muziki, tafadhali, usikubali mtu abonyeze kitufe cha kurekodi kabla hujayaona majina hayo.

Mwanakwaya, Kidato cha Tatu